Ulimbo wa kunasa dawa kwenye maji taka

Aliyewahi kupasua fenesi bila kupaka mafuta mikononi anaijua adhabu yake. Utomvu hung'ang'ania vidole, kisu na hata mkeka, na ukijaribu kuuosha kwa maji unazidi kukaza. Watoto wa pwani waligundua zamani kwamba utomvu huo una kazi nyingine. Unazungushiwa kijiti, kijiti kinapachikwa kwenye tawi ambalo ndege hupenda kutua, kisha mtegaji anajibanza mbali akisubiri. Ndege akitua, amekwisha. Huo ndio ulimbo. Tazama vizuri unavyofanya kazi: ndege hakumezwa, hakuingia tunduni, hakufungwa kamba. Ameshikwa vidole juu ya uso wa kijiti, basi.

Wanakemia wa nchi nyingi, zikiwemo za kwetu, wanatengeneza ulimbo mwingine. Windo lao ni viuavijasumu, yaani dawa kama amoksilini, tetrasaiklini na siprofloksasini, ambazo zikishamaliza kututibu huenda chooni, na kutoka chooni hufika mitaroni, mitoni na visimani. Ulimbo wenyewe ni unga wa chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba darubini ya maabara ya shule haiwezi kuzionyesha. Unga unatiwa ndani ya maji taka, dawa inatua juu ya chembe, chembe zinatolewa pamoja na zilichokamata.

Inasikika kama jambo jepesi. Sehemu yake moja ni nyepesi kweli, na nyingine ni ngumu kuliko taarifa nyingi za kisayansi zinavyokubali kusema. Lakini kwanza tuitazame dawa yenyewe, maana wengi hatuambiwi dukani kwamba mwili hauimalizi.

Ukimeza kidonge cha siprofloksasini cha miligramu 500, kile ambacho wauzaji hukiita "sipro", asilimia 40 hadi 50 ya dawa hiyo hutoka na mkojo ikiwa vilevile ilivyoingia, ina nguvu zake zote. Amoksilini ina haraka zaidi: karibu asilimia 60 ya dozi huwa imeshatoka ndani ya saa 6 hadi 8. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walikadiria mwaka 2025 kwamba binadamu hutumia kila mwaka tani 29,200 hivi za viuavijasumu 40 vinavyotumika zaidi, na kwamba tani 8,500 kati ya hizo huishia mitoni. Hapo kuku, ng'ombe, nguruwe na viwanda vya dawa havijahesabiwa.

Mtu anaweza kuuliza: dawa ya kuua vijidudu ikiingia kwenye mtaro uliojaa vijidudu, si ni heri? Ningetamani iwe hivyo. Mtaroni dawa haipo kwa kipimo cha kuua. Ipo kidogo kidogo, na uchache huo ndio unaokuza usugu. Mwaka 2011 timu ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ilionyesha kwamba bakteria sugu huwashinda wenzao hata pale dawa ilipo chini mara mia kadhaa ya kiwango kinachohitajika kuwazuia kukua. Wasio na usugu hawafi, wanachelewa tu kidogo kuzaana. Na kwa kiumbe kinachoweza kujigawa mara kadhaa kwa siku, kuchelewa kidogo ni kutoweka. Kisha bakteria hawarithishi usugu kwa uzao wao peke yake. Hupeana na majirani, hata wa jamii nyingine kabisa, kwa kupitisha vipande vya vinasaba kutoka seli hadi seli. Kijidudu kisicho na madhara kilichojifunza ukaidi mtoni kinaweza kumpa mbinu hiyo kijidudu cha homa ya matumbo.

Mwaka 2016 Johan Bengtsson-Palme na Joakim Larsson wa Chuo Kikuu cha Gothenburg walitoa mapendekezo ya viwango vya juu kabisa ambavyo maji yangeweza kubeba bila kukuza usugu, kwa viuavijasumu 111. Cha siprofloksasini ni maikrogramu 0.064 kwa lita. Nimekaa na kalamu kuitafsiri namba hiyo kwa vipimo vya mtaani. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kikitupwa chooni kizima, kinahitaji lita milioni 7.8 za maji ili kishuke hadi kiwango hicho. Hayo ni maboza 780 ya lita 10,000 kila moja. Kwa kidonge kimoja.

Na gharama ya usugu huo tunaijua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokataa dawa, na eneo lililoumia kuliko yote, kwa kulinganisha na idadi ya watu wake, lilikuwa Afrika Magharibi. Hapa Tanzania wataalamu huuita usugu huu UVIDA, kifupi cha usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Jina lina sauti ya ofisini. Wodini lina sura nyingine: mtoto mchanga ana maambukizi ya damu, dawa ya kwanza imeshindwa, ya pili imeshindwa, na daktari anamweleza mama kuhusu dawa ya tatu ambayo haipo kwenye kabati la hospitali.

Kisa kilichoifanya dunia igeuke kutazama maji taka hakikuanzia wodini. Kilianzia Patancheru, mji wa viwanda nje ya Hyderabad, India. Pale kulikuwa na mtambo wa pamoja uliopokea maji taka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90, ukayasafisha, kisha ukayaachia kwenye vijito. Larsson na wenzake wawili walichukua sampuli za maji yaliyokwisha kusafishwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Siprofloksasini ilifika hadi miligramu 31 kwa lita.

Nilipoisoma takwimu hiyo mara ya kwanza nilidhani mchapaji amekosea, ameandika miligramu badala ya maikrogramu. Hakukosea. Ndoo ya lita 20 ya maji yale ilibeba miligramu 620 za dawa, zaidi ya kidonge kizima cha 500. Kiasi cha sipro peke yake kilichotoka pale kwa siku kilikadiriwa kuwa kilo 45, sawa na vidonge 90,000. Watafiti walilinganisha na nchi yao: Sweden nzima, yenye watu milioni 9 wakati huo, ilitumia kiasi hicho kwa siku 5. Uchunguzi uliofuata mwaka 2009 uliikuta dawa hata kwenye visima vya vijiji vya jirani.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulisoma hilo kama habari za mbali. Dawa nyingi zilizopo kwenye rafu za maduka yetu hutoka India. Unafuu wa bei tulioufurahia Kariakoo au Nairobi, sehemu yake ililipwa kwa maji ya visima vya watu wengine.

Kilichotokea baadaye kinanihuzunisha zaidi. Likajengwa bomba la kilomita 18 kuyapeleka maji ya Patancheru kwenye mtambo wa majumbani wa Amberpet, ndani ya Hyderabad, yachanganyike na maji ya vyoo. Uchafuzi ukapungua kijijini. Lakini fikiria kilichokutanishwa: dawa kutoka viwandani na bakteria wa matumbo ya mamilioni ya watu, ndani ya tanki moja, kwenye joto zuri na chakula cha kutosha. Ungekuwa unatafuta mahali pa kuwafundishia bakteria ukaidi, usingepata pazuri kuliko hapo. Januari 2020 serikali ya India ilitoa rasimu ya viwango vya viuavijasumu kwenye maji ya viwanda. Kanuni zilipotoka rasmi mwaka 2021, viwango hivyo havikuwemo.

Kwetu hakuna Patancheru. Kwetu kuna mito inayopita katikati ya watu wengi. Mwaka 2016 watafiti wa Kenya na Finland walichapisha vipimo vya bonde la Mto Nairobi. Dawa iliyoongoza ilikuwa sulfamethoksazoli, moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya kidonge ambacho kila nyumba hukiita Septrin, na pahali palipozidi ilivuka nanogramu 13,000 kwa lita. Kuwa kwake juu si ajabu: kwa miaka mingi Septrin imetolewa kila siku kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ili kuwakinga na magonjwa nyemelezi, na imeokoa maisha ya wengi. Ndani ya maji yaleyale zilikutwa pia dawa za kufubaza virusi. Mto unaisimulia hali ya afya ya jiji vizuri kuliko takwimu za wizara.

Dar es Salaam, sehemu ndogo tu ya nyumba imeunganishwa na bomba la maji taka. Waliobaki wana mashimo. Shimo likijaa linanyonywa na gari, na magari mengi huenda kumwaga kwenye mabwawa kama ya Vingunguti, ambayo maji yake huishia bonde la Msimbazi. Au mvua ikinyesha usiku, mwenye nyumba asiye na pesa ya gari hutapisha choo, yaani huyaachia maji yake mtaroni, na asubuhi mtaro unanuka. Bonde la Msimbazi ndilo hilohilo linalootesha mchicha unaouzwa alfajiri. Mabwawa ya maji taka yalibuniwa yatumie jua, upepo na muda kuvunja kinyesi na kuua vijidudu, na kazi hiyo yanaiweza yakitunzwa. Hayakubuniwa kwa ajili ya dawa.

Sasa turudi kwenye ulimbo.

Kuna tofauti kati ya kufyonza na kunasa. Sifongo hufyonza: maji huingia ndani ya mwili wake. Ulimbo hunasa juu ya uso, kwa hiyo uwezo wake wote uko kwenye ukubwa wa uso. Ndiyo maana iliki hutwangwa kabla ya kutiwa kwenye chai. Punje nzima ina harufu ileile ndani yake, lakini uso unaogusana na maji ni mdogo. Chukua kipande cha chuma cha mchemraba chenye upande wa sentimita 1. Uso wake ni sentimita za mraba 6, kama stempu ya posta. Kikatekate mpaka kila kipande kiwe na upande wa nanomita 10, nao unywele wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Nyuso zote za vipande hivyo ukizijumlisha unapata mita za mraba 600. Kiwanja cha netiboli hakifiki mita za mraba 500. Chuma ni kilekile, hakikuongezwa hata gramu.

Kwa nini dawa ikubali kutua hapo? Jibu zuri kuliko yote nimelikuta kwenye ushauri wa mfamasia. Nani hajaambiwa asimeze tetrasaiklini kwa maziwa? Anayetumia vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, naye huambiwa apishanishe saa na sipro. Sababu ni kwamba molekuli za dawa hizi mbili zina atomu za oksijeni zilizokaa kama meno ya koleo, na koleo hilo linapenda kubana ioni za metali: kalsiamu ya maziwa, chuma cha kidonge. Likishabana, dawa inakuwa donge ambalo utumbo hauwezi kulichukua, na mgonjwa anakosa tiba. Hasara hiyo ya tumboni ni faida majini. Chembe ya oksidi ya chuma ina atomu za chuma zimejipanga juu ya uso wake mzima. Dawa inapopita inazibana yenyewe. Hapa ndege ndiye anayeushika ulimbo.

Oksidi inayopendwa zaidi inaitwa magnetaiti, na utengenezaji wake wa msingi hauhitaji mtambo wa mabilioni. Chumvi mbili za chuma huyeyushwa kwenye maji, kisha hutiwa amonia. Papo hapo maji ya rangi ya kutu hugeuka meusi kama wanja. Mfaransa René Massart aliieleza njia hiyo mwaka 1981, na hadi leo wanafunzi wa kemia huirudia katika vyuo vingi. Wengine huacha kemikali kali na kutumia maji ya majani ya chai, ambayo nayo huweza kuugeuza myeyuko wa chuma kuwa chembe ndogo.

Uzuri wa pili wa magnetaiti ni sumaku. Wengi tuliokulia uswahilini tuliwahi kupasua spika mbovu, tukaitoa sumaku yake na kuiburuta kwenye mchanga; inatoka imeota ndevu nyeusi. Ndevu zile mara nyingi huwa ni magnetaiti. Kuchuja unga wa nanomita 10 kwa kitambaa haiwezekani, unapita. Kwa sumaku inawezekana, na mwaka 2006 timu ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ilionyesha kwamba hata sumaku isiyo na nguvu nyingi inaweza kuvuta chembe hizi kutoka majini zikiwa zimebeba sumu ya aseniki. Anayeliona jambo hilo likitendeka hasahau: chupa ya maji meusi inawekwa kando ya sumaku, weusi wote unahamia upande mmoja, maji yanabaki meupe.

Katika maabara, gramu 1 ya chembe nzuri hunasa makumi ya miligramu za dawa, na za aina nyingine mamia. Ndiyo maana ripoti za utafiti huu ni nyingi mno, na nyingi hujisifu kwa asilimia 90 na kitu. Hapo ndipo nataka msomaji awe mwangalifu pamoja nami.

Maji ya maabara ni maji yaliyotoneshwa, yametiwa dawa moja, mara nyingi miligramu 10 hadi 100 kwa lita. Mto Nairobi, hata pale palipozidi, una maikrogramu 13 hivi za sulfamethoksazoli, yaani pungufu karibu mara 770 kuliko kiwango cha chini cha maabara. Na maji taka halisi yana sabuni, mafuta, mkojo, tope na rangi ya majani yaliyooza, vyote vikitafuta pa kushika. Mtoto mtega ndege anajua kwamba ulimbo uliopata vumbi haunasi. Chembe zinazotiwa kwenye maji taka hupata vumbi lake ndani ya dakika chache. Uso wa mita za mraba 600 unakaliwa na takataka kabla dawa haijafika.

Kisha, kila ndege ana mguu wake. Sipro na tetrasaiklini zina koleo, zinashikika kwa urahisi. Kwa kweli sipro hushika kila kitu: watafiti wa Uswisi walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba sehemu kubwa ya dawa za jamii yake inayofika kwenye mtambo wa maji taka hujishikiza kwenye tope, na tope likipelekwa shambani dawa hukaa udongoni kwa miezi. Sulfamethoksazoli haina koleo hilo. Kwenye maji ya kawaida hubeba chaji hasi, na uso wa chuma unaishika kwa ulegevu mno. Inashikika zaidi na kaboni, ambayo ina bapa za atomu zinazovutana na bapa za molekuli ya dawa. Kwa hiyo ulimbo wa Mto Nairobi, wenye Septrin nyingi, hauwezi kuwa wa chuma kitupu. Unahitaji mkaa, na pwani tuna vifuu vya nazi, malighafi ambayo dunia nzima huitumia kutengenezea mkaa amilifu. Mkaa ukilowekwa kwenye chumvi ya chuma kisha ukachomwa kwenye hewa haba, unatoka na chembe za magnetaiti ndani ya vinyweleo vyake. Unanasa kwa namna mbili, na unavutwa kwa sumaku.

Hofu ya kwamba chembe zenyewe zitatoroka na kuwa uchafu mpya ni ya haki, na sipendi inavyopuuzwa. Oksidi ya chuma si mbaya sana, ni ndugu wa kutu. Lakini chembe za fedha au shaba zinaweza kudhuru viumbe vya majini. Njia moja ya kuzizuia ni kuzifunga ndani ya shanga za kitosani, kitu kinachotengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa. Shanga haipotei kama unga.

Ngumu kuliko yote ni swali la baada ya kunasa. Ulimbo ukishika ndege, mtegaji ana ndege mkononi, naye lazima aamue la kufanya. Dawa iliyonaswa haijafa. Ukiiosha chembe kwa magadi makali ili uitumie tena, unabaki na maji machache yenye dawa kali kupita mwanzo. Ukilitupa tope jeusi dampo, mvua itaisomba dawa. Ripoti nyingi husimama pale maji yanapokuwa meupe, na hapo ndipo kazi inapoanza. Jibu mojawapo limo ndani ya chuma chenyewe: Mwingereza Henry Fenton alionyesha mwaka 1894 kwamba chuma kikikutana na haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu kwenye kidonda, huzaliwa nguvu ya kuvunjavunja molekuli nyingine. Magnetaiti iliyobeba dawa inaweza kuoshwa kwa peroksaidi na kuivunja dawa palepale juu ya uso wake. Jibu jingine ni moto.

Haya yote hayaingii nchi isiyojua kunasa. Ngurdoto, mkoani Arusha, mifupa ya ng'ombe imekuwa ikichomwa kuwa mkaa ili kuondoa floridi kwenye maji ya kunywa, madini yanayopaka meno ya watu wa kaskazini rangi ya kahawia na kupinda miguu ya watoto. Huko ni kunasa juu ya uso, kulekule. Na Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alisomea teknolojia ya chembe hizi ndogo mno, yaani nano, Korea Kusini, akarudi nyumbani na kuunganisha mchanga na chembe za nano kuwa chujio la maji ya kunywa. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Chujio lake ni la maji ya kunywa, maji taka ni vita vingine. Lakini mikono ipo.

Swali langu, basi, ni mahali pa kuutega ulimbo. Watu wakisikia teknolojia hii huwaza mto: tuutie unga Msimbazi, tuusafishe Mto Nairobi. Huko ni kupaka ulimbo msitu mzima. Mtoni maji ni mengi, dawa ni chache na vumbi ni jingi. Zaidi ya hayo, kunasa dawa mtoni hakunasi bakteria waliokwisha kuwa sugu. Hao wanahitaji choo, bomba na bwawa linalofanya kazi, na hakuna nano itakayotuondolea kazi hiyo. Mtegaji hutega ndege wanapotua kwa wingi. Kwa viuavijasumu, mahali hapo ni mlango wa kiwanda cha dawa, shamba kubwa la kuku linalotia oksitetrasaiklini kwenye maji ya kunywa ya kuku, na bomba la hospitali kabla halijaungana na la mtaa.

Septemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maji taka ya viwanda vya viuavijasumu, na mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozitaka kampuni za dawa na vipodozi zilipe angalau asilimia 80 ya gharama ya hatua ya ziada ya kuondoa masalia kama haya kwenye maji taka ya miji. Wao wanatumia ozoni na mkaa amilifu. Sisi hatuna miji iliyounganishwa mabomba ya kutosha kuiga hayo. Hospitali tunazo.

Nimefanya hesabu ya karatasini, ya makadirio tu. Mwaka 1998 uchunguzi wa Uswisi ulikuta maji taka ya hospitali yakiwa na maikrogramu 3 hadi 87 za sipro kwa lita. Tuseme hospitali yetu moja inatoa lita 100,000 kwa siku, kila lita ikiwa na maikrogramu 50. Hizo ni gramu 5 za dawa, ukubwa wa kijiko cha chai. Tuseme vumbi limeiba nafasi nyingi, na gramu 1 ya unga wetu wa kifuu na chuma inanasa miligramu 5 badala ya makumi na mamia yanayotajwa maabara. Tunahitaji kilo 1 ya unga kwa siku, kilo 7 kwa wiki. Bombani mambo yatakuwa magumu kuliko karatasini, pengine unga utahitajika mara mbili au mara tano, na hilo ndilo jambo la kupimwa na mafundi wetu wenyewe, kwenye chemba ya hospitali halisi, kwa maji yenye sabuni na mkojo, miezi kumi na miwili mfululizo, masika na kiangazi.

Hospitali hiyo ina chemba moja ambamo maji yake yote hupita. Ina fundi sanifu wa maabara. Na nyuma ya jengo, karibu na ukuta, ina tanuri la kuchomea sindano na bandeji. Tope jeusi la wiki nzima linaenea kwenye ndoo moja. Likiingia tanurini lenye moto wa kutosha, mkaa unaungua, dawa inaungua, na chini kinabaki kiganja cha majivu mekundu ya chuma.